Mjane Aliyeitikia kwa Kichwa

Sikusoma chuo kikuu. Sheria ya jamaa nilifundishwa kwenye semina za parokia hapa Kasongo, kisha nikawa nawafundisha akina mama na kuwasindikiza tribinali, mbele ya hakimu. Mume wangu alipofariki nilidhani nitaacha. Nilikuwa bado na nguo ya kilio mwanamke mmoja wa Kabambare, naye mjane, aliponitumia habari: shemeji yake ametangaza kwamba matanga yakiisha atamrithi yeye pamoja na nyumba. Asipotaka, atoke, watoto wabaki.

Nilipanda pikipiki nyuma ya dereva. Njia ilikuwa matope matupu, tukaisukuma zaidi kuliko ilivyotubeba.

Nilikuta jamaa wamekaa uani, mjane yuko kwenye mkeka. Shemeji aliitazama nguo yangu, akacheka.

"Mama, wewe mwenyewe uko na kilio. Umeacha mkeka wako, unakuja kukalia wa wenzako?"

"Wangu ulishakunjwa, baba. Nimekuja kuuliza habari ya nyumba."

"Iko habari gani tena? Nilimuuliza mbele ya hawa watu wote, akaitikia kwa kichwa."

Wazee wakasema ni kweli, waliona. Hawakudanganya. Kwetu mjane aliye kwenye mkeka hapandishi sauti. Anayempa pole huitikiwa kwa kichwa, na anayemfuata vilevile. Shemeji alijipanga na watu wa pole, zamu yake ilipofika akauliza lake.

Kwenye mafunzo huwa nasema nyumba ya marehemu ni ya watoto, mjane ana haki ya kukaa ndani yake, na mtu harithiwi kama mbuzi. Siku ile sikuanza na hayo.

"Wazee wangu, mimi nimetoka mkekani juzi tu. Niliitikia watu ambao mpaka leo siwajui. Mtu angeniomba watoto wangu, ningeitikia. Nilikuwa naona midomo, sisikii maneno. Muulizeni tena, ajibu kwa sauti."

"Mjane hasemi!" shemeji akaruka.

"Kama hasemi, basi hajakubali."

Dada mkubwa wa marehemu akapiga makofi. "Hapo umekamatwa, ndugu yangu!" Akamgeukia mjane. "Wifi, sema. Mimi ndiye ninayekuruhusu."

Mjane aliinua uso. Nilitamani kumsemea, nikauma ulimi. Nyumba ilikuwa yake, si yangu.

"Niko hapa na watoto wangu," alisema, karibu asisikike. "Sitaki bwana. Sitoki."

Shemeji akainuka, akasema atakwenda tribinali.

"Twende," nikamwambia. "Njia naijua."

Aliondoka bila kuaga. Sijui kama atakwenda kweli. Jioni, tukiwa tunamenya mihogo, nilimwambia mjane ayarudie maneno yake, safari hii kwa nguvu zaidi, maana hakimu hukaa mbali kuliko wifi. Akayarudia. Nikamwambia tena.