Shamba la Bondeni Kwenye Mkeka wa Mwalimu Stela

Sisi tuliosoma kule juu Shume, tukiamka asubuhi ukungu umelala mlangoni kama ng'ombe, hesabu tuliijua kwanza kwa harufu. Ilinuka chaki, moshi wa kuni uliogoma kutoka kwenye masweta yetu, na fimbo mbichi ya mti wa mwati. Mwalimu Mkuu aliziegesha fimbo zake pembeni mwa ubao, na zikikatika alimtuma mmoja wetu porini akalete nyingine, kwa hiyo tulikuwa tunajichagulia wenyewe kitakachotuchapa. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanatikisa vichwa, wanasema maskini, mliteswa. Hao hao ukiwauliza saba mara nane wanaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Tebo za kuzidisha tuliziimba. Tuliimba huku tunaruka ili tupate joto, na nina hakika wapo wenzangu ambao mpaka leo hawawezi kuzidisha kitu bila kutikisa mguu. Shida ilikuwa kwenye hesabu za mafumbo. Kitabu kilisema gari moshi limeondoka stesheni na abiria kadhaa, wakashuka hawa, wakapanda wale, je, wamebaki wangapi? Darasa zima hakuna aliyewahi kuona gari moshi. Magari tuliyoyajua ni malori ya mbao yanayoteremka yakilia. Mwenzetu mmoja aliuliza kama hao abiria walioshuka walikuwa wamefika kwao au wamefukuzwa. Alichapwa kwa kupoteza muda. Mwalimu Mkuu aliamini kwamba fumbo ni la kujibiwa tu, na kwamba anayetaka kulielewa ana kiburi.

Tulipoingia darasa la tatu akaletwa Mwalimu Stela. Alitokea upande wa Bungu, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na alikuwa amesomea ualimu chuo cha masista, huko walikofundishwa namna waliyoiita Montesori. Wazazi wetu walishindwa na hilo jina, wakalikata, wakabaki na Monte. Alikuja na sanduku la mbao ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulidondosha. Ndani yake mlikuwa na shanga za rangi ya dhahabu. Moja ilikuwa punje peke yake. Kumi zilitungwa kwenye waya. Mia zilishikana zikawa kama kigae, na elfu moja zilipangwa zikawa mchemraba mmoja wa kushikwa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeandika elfu moja mara nyingi ubaoni, lakini siku niliyopewa kuibeba ndipo nilipojua kwamba elfu ni nzito.

Sanduku moja halikututosha. Mwalimu Stela akaenda kwenye kiwanda cha mbao, akaomba mabaki, fundi akamkatia vipande vidogo vya mraba, gunia zima. Tukapewa msasa tuvisugue. Darasa letu likanukia msonobari mpaka baridi ikasahaulika. Tulikaa chini kwenye mikeka, kila watoto wachache na mkeka wao, na sheria zilikuwa chache: usikanyage mkeka wa mwenzio, rudisha ulichochukua, usimjibie mtu. Hesabu za kutoa tulizifanya kwa plamsi, na kilichotolewa kililiwa. Hatukuwa tumewahi kupenda kutoa kiasi kile.

Kijiji kilicheka. Wazee walikuwa wakipita wanachungulia dirishani, wanaendelea na safari wakiguna. Baba yangu alisema amempeleka mtoto shule, akamkuta amekaa chini kama anachambua maharage. Mwalimu Mkuu naye aliingia siku moja, mikono nyuma, akatamka kwamba mtoto wa shule hukaa kwenye dawati. Madawati yenyewe hatukuwa nayo. Kabla ya mikeka tulikuwa tunakalia magogo, na magogo hayakuwahi kumkera.

Halafu Mwalimu Stela akatuambia tuachane na gari moshi. Kila mmoja alete fumbo kutoka nyumbani kwao, jambo ambalo kweli linahesabiwa pale kwao. Mmoja alileta kuku wa bibi yake na kicheche anayewapunguza. Mwingine alileta ndoo za maji na kisima. Mimi nilileta shamba la bondeni.

Hapa lazima nimweleze baba. Alikuwa mtu wa ibada, mgosi, mzee anayeheshimika, na watu walimwita Baba Zakaria. Zakaria ni kaka yangu, lakini kifungua mimba wa nyumba ile alikuwa dada Eunike, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita baba kwa jina la Eunike. Tulikuwa na mashamba ya mahindi huko milimani, yale ambayo mvua ikikasirika inateremka na udongo wote. Mali yenyewe ilikuwa bondeni, udongo mweusi, maji ya mfereji mwaka mzima. Baba alikuwa amelikata vitalu thelathini vya kabichi na karoti. Aliyelilima ni dada Eunike, tangu alipomaliza la saba. Kaka zangu wawili, Zakaria na Samweli, shamba lile walilifahamu zaidi wakati lori la mboga likiwa limeshafika. Na wiki ile baba alikuwa ameteremka na vigingi vya miti mkononi, anaanza kuligawa, kwa sababu Zakaria alikuwa anataka kuoa.

Nikavipanga vile vipande vya msonobari juu ya mkeka, thelathini, kwa mistari, nikaacha nafasi ya mfereji. Mwalimu Stela akachuchumaa pembeni yangu akaniuliza shamba la nani. Nikasema la baba, anawagawia watoto wake.

"Watoto wake mko wangapi?" akauliza.

Nikahesabu kwa vidole: Eunike, Zakaria, Samweli, Rahabu na mimi, wasichana watatu na wavulana wawili. Nikasema watano. Akaniambia basi endelea, akaenda mkeka mwingine. Nikagawa. Kila mtoto akapata vitalu sita, wala hakuna kilichobaki. Hesabu isiyobakiza kitu ina utamu wake, na mimi nilitoka shule nikiwa nimeshiba.

Jioni, tumekaa jikoni tunakula makande, nikaitangaza hesabu yangu. Nilidhani baba atafurahi kwamba ile Monte imenifaa kitu. Nikamwambia kila mmoja wetu amepata vitalu sita, nikataja na vyangu viko wapi, karibu na mfereji.

Baba aliweka bakuli chini. "Nani amekwambia mko watano?" akaniuliza.

Hakupandisha sauti. Mama akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Zakaria na Samweli wakaendelea kula, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, jinsi walivyoendelea kula vizuri. Dada Eunike alimtazama baba, akatazama mikono yake mwenyewe, ile mikono yenye udongo kwenye kucha usiotoka hata Jumapili. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba nimesema jambo, na kwamba siwezi kulirudisha kama vipande vya mkeka.

Kesho yake baba alivaa koti lake la kanisani akaja shuleni. Niliitwa ofisini nikasimama mlangoni, maana mimi ndiye niliyekuwa ushahidi. Mwalimu Stela alipoingia akamwamkia shikamoo, baba akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayetema kokwa. Alieleza kwamba amemleta mtoto afundishwe hesabu, hakumleta ili yeye ahesabiwe watoto wake. Mwalimu Mkuu akasema, naam, mzee, naam, na kila naam ilikuwa inamlenga Mwalimu Stela. Akamuuliza kwa nini anaacha mafumbo ya kwenye kitabu, yaliyoandikwa na wataalamu, anakwenda kuchokonoa nyumba za watu.

Nilitegemea Mwalimu Stela atalia. Hakulia. Alisema, "Mzee, mimi nilimuuliza tu mtoto, wako wangapi kwao. Ukitaka agawe kwa mbili, nitamfundisha, na jibu litakuwa sahihi. Lakini huyu atakuja kuniuliza wale watatu awaweke wapi, na hilo mimi sikusomea. Utamjibu wewe."

Baba alisimama, akavaa kofia, akaniambia nirudi darasani. Mwalimu Mkuu ndiye aliyepata ujasiri baada ya baba kutoka. Aliagiza sanduku la shanga lifungiwe kwenye kabati la ofisi lisije likaharibika. Vile vipande vya msonobari vilipelekwa jikoni kupikia uji wa shule. Sisi tukarudi kwenye gari moshi na wale abiria wake wasio na kwao.

Baada ya likizo Mwalimu Stela alihamishwa. Tulimbebea mizigo hadi barabarani kulikopita basi la Lushoto, na sanduku halikuwemo. Mwalimu Mkuu alisema ni mali ya shule, ingawa wote tuliona aliyekuja nalo ni nani. Tangu hapo lilitolewa kabatini likapanguswa vumbi wageni wanapofika. Wageni waliambiwa shule yetu inatumia mbinu za kisasa, wakaitikia kwa vichwa, wakapewa chai. Sisi tulisimama mstari, mikono nyuma, tusije tukazigusa shanga.

Baba akaligawa shamba kama alivyotaka. Sikuwahi kumwona dada Eunike akigomba. Asubuhi moja tu alikuwa amesimama uani na jembe begani, baba akamwambia ateremke bondeni, kabichi zinataka maji.

"Niteremke kwenye kitalu cha nani, baba?"

"Cha kaka zako."

"Kaka zangu wako ndani wamelala," akasema. "Nikuamshie?"

Akapita zake kushoto, njia ya juu, akaenda kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na kishamba kimemshinda, wakapatana walime wote na wagawane mavuno. Nafikiri baba alidhani ni hasira za siku moja. Dada hakulishika tena shamba la bondeni.

Yaliyofuata mtu yeyote aliyewafahamu kaka zangu angeweza kuyatabiri bila shanga. Zakaria alioa, akamuuzia sehemu yake mfanyabiashara kutoka Tanga anayelima letusi za mahoteli, akanunua pikipiki, pikipiki ikamtupa korongoni. Alipona, pikipiki haikupona. Samweli alikuwa na mipango. Mpaka leo anayo. Sehemu yake iliota magugu marefu kuliko yeye, na mfereji ukaziba. Dada Eunike kidogo kidogo alinunua shamba lake mwenyewe, akalikata matuta kwa mkono, akajenga. Baba alipozeeka na mama akawa ametangulia, wale warithi wawili kila mmoja aligundua kwamba nyumba yake ni ndogo. Basi baba akaenda kukaa kwa Eunike. Chumba chake kilikuwa kizuri, kina dirisha linalotazama kabichi. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anakula vizuri, anashika bakuli kwa mikono yote miwili. Hakuwahi kusema lolote kuhusu mambo yale, na dada hakuwa anamngojea aseme. Alimpikia, akamwogesha, akamzika. Mimi, kwa kuwa sina moyo kama wake, nilikuwa nangojea, na nilingojea mpaka mwisho.

Mwaka huu mjukuu wangu ameanza la tatu kwenye shule ya Kiingereza huko chini Lushoto mjini. Jina la Montesori limechorwa ukutani kwa rangi nne, na kwenye basi la shule pia, na sasa hakuna mzazi anayeshindwa kulitamka. Wanalitamka hata wasipoulizwa. Wazazi wana kundi lao la simu, na saa za jioni humo ndani watu wazima wenye shahada wanaulizana majibu ya kazi za watoto wao. Mtoto mwenyewe wakati huo anatazama katuni. Nikimwambia binti yangu amwache mtoto akosee mwenyewe, ananiambia, mama, nyie mlikuwa na muda.

Siku ya wazazi nikateremka kwenda kuona. Nikapewa kiti cha plastiki, cha saizi ya mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Mwalimu kijana sana, mwenye kucha ndefu za rangi, akatueleza kwamba watoto wa siku hizi wanajifunza kwa vitendo. Kisha kila mtoto akatoa kishikwambi. Mjukuu wangu aliletewa fumbo: keki imekatwa vipande ishirini na vinne, wagawie marafiki wanne. Picha ya keki ilikuwa nzuri kweli, unaweza kuilamba. Marafiki walikuwa vichwa vinne vya duara, vyote vinacheka, hakuna hata kimoja chenye jina.

Nikamnong'oneza, "Hao marafiki ni akina nani?"

"Bibi, hatuulizwi hivyo," akasema, kwa huruma, kama anamsaidia mtu asiyejua kusoma.

"Na aliyeoka keki, yeye atakula?"

Akanitazama, akatazama kioo, akatafuta. Niliona kwamba kwa kitambo kidogo alikuwa anafikiri, na nilitamani awepo pale mtu wa kuchuchumaa pembeni yake, asimjibie, kisha aende mkeka mwingine. Lakini mwalimu alikuwa anampiga picha mtoto wa meneja, na dakika zilikuwa zinahesabiwa juu ya kioo kwa namba nyekundu.

Mtoto akabonyeza sita. Kishikwambi kikapiga makofi. Wazazi nao wakapiga makofi, nami nikapiga, nikiwa wa mwisho.