Mpira Uliopanda Behewa la Miwa

Haya mtakayosoma hamtayaamini, na wala hakuna atakayewalaumu. Padri wa kijiji chetu cha Palo Hueco, mtu ambaye kazi yake ni kuamini, aliyasikia akakohoa, kisha akaomba maji ya kunywa. Lakini yalitokea. Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na sita, mpira wa besiboli ulipigwa hapa kwetu, ukasafiri kilomita tatu bila kugusa ardhi, ukafika kwenye kiwanda cha sukari, ukapita mizani pamoja na miwa. Shahidi yuko hai. Tatizo ni moja tu: shahidi mwenyewe ndiye mpinzani mkubwa wa hadithi.

Shahidi huyo ni Eligio Rijo. Ana miaka themanini na mitano. Macho yamefunga ukungu, lakini masikio bado ni ya mwizi. Kwa miaka thelathini na minne alikaa kwenye kile kibanda cha mizani ya reli, akipima mabehewa ya miwa. Kazi yake ilikuwa kutoa. Behewa likija limejaa, anapima, halafu anatoa uzito wa behewa tupu, anatoa majani, anatoa tope, anatoa na lile jiwe ambalo mjanja fulani amelifukia katikati akidhani Mungu na Eligio wamelala. Kwenye viwanda vingine wapima mizani walikuwa na kidole kizito, na mkata miwa alirudi nyumbani akinung'unika. Palo Hueco watu walilala usingizi.

Ugonjwa huo wa kutoa aliubeba hadi nyumbani. Mkewe, Mungu amrehemu, akijisifu kwamba amepika wakala watu ishirini, Eligio alimwambia, "Toa waliorudia sahani." Walibaki kumi na wawili.

Sasa mzee huyu, ambaye meno amebakiwa na manne na ng'ombe hana hata mmoja, ana haja moja tu duniani: Mandarria aaminiwe.

Mandarria ni jina walilompa watu. Maana yake ni ile nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Mama yake alimwita Polibio. Alikuwa mkata miwa wiki nzima, na Jumapili alikuwa jambo jingine kabisa. Wapo waliotoka hapa wakaenda kaskazini kucheza, wakarudi na magari marefu na meno ya dhahabu. Waulizeni hao hao, watawaambia hawakumfikia Mandarria kifundoni. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwezi ujao uwanja wetu unapewa jina lake, na utasimikwa ubao wa kueleza alikuwa nani na alipiga nini. Vijana wa kamati walitaka kuandika kilomita tatu. Eligio aligonga fimbo chini hadi kuku wakakimbia.

"Ubao ukisema uongo, wageni watacheka," alisema. "Na mtu akishacheka, hata ukweli ukija kubisha hodi hafungui."

Basi ilikuwa hivi.

Siku ile Mandarria alisimama na rungu lake mikononi, na mrushaji wa timu ya Consuelito akamtemea maneno.

"We mla miwa! Leo nitakurudisha kwa mama yako ukiwa unalia!"

"Mama yangu ameketi pale," Mandarria akamjibu. "Rusha, asije akasinzia."

Mpira ukarushwa. Akaupiga. Mlio wake ulikuwa kama mlango wa kanisa unaofungwa kwa hasira. Ukapita juu ya uzio wa mabati, ukapita barabara ya mikokoteni, ukatua ndani ya behewa la treni iliyokuwa imesimama kwenye reli ya kusubiria, imejaa miwa. Na kabla watu hawajamaliza kupiga kelele, kichwa cha treni kikapiga honi, treni ikaondoka zake.

Hapo ndipo shangwe ilipogeuka msiba. Mpira ulikuwa ule ule mmoja. Timu zote mbili, waliopaswa kupiga na waliopaswa kudaka, mwamuzi, na wauza karanga, wote wakaanza kuikimbilia treni juu ya reli. Walifika kwenye mizani ulimi nje. Eligio alikuwa kibandani, akiwatazama kama mtu anayetazama mbuzi wakija kanisani.

"Eligio! Tupe mpira wetu, umo humo ndani!"

"Subirini. Mabehewa sita yako mbele."

"Jamani, mchezo umesimama!"

"Na mizani isimame? Subirini."

Ikafika zamu ya behewa namba kumi na nne. Akalipima. Akapanda, akapekua, akautoa mpira, akauweka kwenye ile mizani ndogo ya ofisini. Gramu mia moja na arobaini na tano. Akautoa kwenye hesabu ya miwa, ndipo akawarushia. Tangu saa ile Palo Hueco nzima ilikuwa na msemo mmoja: Mandarria alipiga mpira hadi kiwandani. Kilomita tatu. Na kusema kweli, ulifika au haukufika?

Lakini Eligio hakulala vizuri. Alfajiri ya Jumatatu alimwamsha Mandarria, wakaenda uwanjani na mnyororo wa kupimia mashamba. Treni husimama palepale kila siku, kwenye nguzo, na urefu wa behewa Eligio aliujua kama urefu wa kitanda chake. Behewa namba kumi na nne lilikuwa la saba kwenye msafara. Wakahesabu, wakachomeka kijiti, wakavuta mnyororo kutoka mahali alipopigia. Mita mia moja na arobaini na saba.

Mandarria akajikuna kichwa. "Ongeza tatu, ndugu yangu. Mia na hamsini inatamkika vizuri."

"Hizo tatu ulizipiga lini?"

"Kwani wewe utapungukiwa na nini?"

"Mimi sipungukiwi. Utapungukiwa wewe."

Habari ya kilomita tatu ilitembea kuliko mpira wenyewe. Wiki tatu baadaye akateremka kwenye treni Don Fermín Arrondo, Mkuba, mzee wa kofia ya majani na viatu vilivyokwisha upande mmoja. Alikuwa msaka vipaji wa klabu moja kubwa ya kaskazini. Wasaka vipaji wa siku hizi wanakuja na mashine za kupima mwendo wa mpira na vijana wa kuwabebea maji. Wale wa zamani walikuja na daftari na tumbo. Don Fermín hakuanza uwanjani. Alianza kwa mama wa mchezaji, amtazame mabega na kiuno, ajue mwana ataishia ukubwa gani. Kisha aliomba chakula. Alisema kijana anayekula huku akiangalia sahani ya mwenzake atafika mbali, na yule anayemwachia mwenzake nyama abaki nyumbani, amtunze mama.

Doña Eudosia, mama yake Mandarria, akapika ndizi za kuponda, vitunguu vya siki na soseji ya kukaanga. Eligio naye aliitwa, aje na mnyororo wake. Kijijini kote hapakuwa na aliyefanya kazi siku ile; watu walijaa dirishani hadi chumba kikawa giza.

"Anakula kama mtu wa miaka kumi na minane," Don Fermín akasema, akitafuna.

"Ndiyo umri wake, baba," mama akasema upesi. "Karatasi hii hapa."

Na karatasi ilisema hivyo kweli. Kwetu mtoto hakuandikishwa siku aliyozaliwa. Aliandikishwa siku ambayo mama alipata safari ya mjini, awe bado ananyonya au ameshaota ndevu, na karani akaandika mwaka uliompendeza. Kwa hiyo hapakuwa na mwongo mle ndani. Palikuwa na karatasi tu.

Kilichoharibu mambo ni furaha. Mandarria, akiwa na kikombe cha ramu ambacho hakikuwa cha kwanza, akamkumbatia Eligio shingoni.

"Don Fermín, huyu unayemwona na mimi ni pacha! Mkunga mmoja, beseni moja, wiki moja ya kimbunga. Mimi nilimtangulia siku mbili, ndiyo maana nikachukua sura yote nzuri!"

Watu wakacheka. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Don Fermín hakuinua hata uso. Aliomba kipande kingine cha soseji.

Baadaye wakaenda uwanjani. Mandarria alirushiwa mipira ishirini. Kumi na mmoja hatujaiona hadi leo. Don Fermín aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasimama, akauliza umati wote: "Na ule wa treni, ulifika wapi?"

"Kiwandani!" wakajibu kwa sauti moja. "Kilomita tatu!"

Mzee akafunga daftari. Alikuwa amesikia uongo wa visiwa vyote, na huo ulikuwa wa kawaida. Ndipo akamwona Eligio, na mnyororo begani.

"Wewe je?"

"Mita mia moja na arobaini na saba, bwana. Kijiti kipo. Zilizobaki ulibebwa."

Umati ukamzomea. "Msaliti! Mchawi wa mizani!" Lakini Don Fermín akatembea mwenyewe hadi kwenye kijiti, akauvuta mnyororo, akarudi macho yakiwa yamelowa. Daftari likafunguka. Mandarria akamwangalia Eligio kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Ndipo mzee akauliza polepole, kama anayeuliza habari za mvua: "Na wewe kijana mkweli, una miaka mingapi?"

Eligio aliuona mtego wote, kuanzia kamba hadi kitanzi. Mtu anaweza kumficha rafiki yake, lakini ameulizwa umri wake mwenyewe. Angesema kumi na minane, na ndevu zile? Angesema hivyo, halafu kile kijiti kingebaki kuwa nini? Alimtazama Mandarria. Mandarria alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ishirini na mitano," Eligio akasema.

Don Fermín akavua kofia. Klabu yake haikumchukua mtu aliyepita ishirini na moja. "Leo nimeamini mambo mawili," akasema. "Ule umbali na umri huu. Laiti yangekuwa ya watu wawili tofauti." Akamshika mkono Mandarria kwa mikono yake yote miwili, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaenda kuisubiri treni.

Palo Hueco haikumsalimia Eligio msimu mzima. Doña Eudosia alikuwa akivuka barabara akimwona. Mandarria mwenyewe alikuwa akileta miwa, anasimama kwenye mizani, na kutazama upande wa mto. Eligio alipima, akatoa, akaandika. Hakuomba msamaha, kwa sababu hakujua aombe wa nini, na hilo ndilo lililomkondesha.

Siku ya mwisho ya msimu behewa la Mandarria lilipimwa, na Mandarria hakuondoka.

"Nimekuchukia miezi minne," alisema. "Nimechoka. Chuki ni nzito kuliko miwa."

"Najua."

"Kila jioni nilijiambia, angedanganya mara moja tu, kwa ajili yangu. Halafu nikafikiri: angedanganya siku ile, mimi leo ningejuaje kama tani zangu ni tani?" Akatema mate pembeni. "Lakini ungeweza kusema ishirini na nne, mbwa wewe."

Wakacheka hadi mfanyakazi wa reli akaja kuuliza kuna nini. Tangu hapo walikaa pamoja kila Jumapili, miaka hamsini na kitu, wakitazama vijana wakipiga. Mandarria aliwahadithia wageni kilomita tatu, Eligio akatoa mbili na zaidi, na mgeni akabaki na zile mita alizostahili. Siku mojawapo mtu wa mjini alikataa hata hizo. Mandarria hakubishana naye. Aliinuka, akaenda zake nyumbani, na hiyo ndiyo mara pekee Eligio alimwona ameumia.

Ndiyo maana maandishi haya ya ubao, kabla hayajaenda kwa mchoraji, anasomewa neno kwa neno hapa barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kichwa akikiinamisha kila sentensi kama anayesikiliza mizani ikitulia. Hadi sasa amenyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Pamebaki kueleza mazishi ya Mandarria tu: jinsi kengele ya kiwanda ilivyogongwa, jinsi wazee walivyolibeba jeneza kulizungusha vituo vyote vinne vya uwanja, na nyuma yao wakafuata waombolezaji elfu sita, na magavana watatu wakilia waziwazi, na mvua ikasimama angani ghafla, na lile rungu lake lililowekwa juu ya jeneza likaanza polepole kuinuka lenyewe na—

"Soma tena hapo kwenye magavana," alisema Eligio.