Kijana Anayejua Kusimama

"Mimi kwa kioo cha basi langu nimeona wapokeaji wazuri kuliko mabwana wa timu na kompyuta zao zote, miaka kumi mfululizo."

Lorraine Dudek aliyasema hayo redioni kwa simu, Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kwenye kipindi cha mashabiki, akiwa ameegesha basi la shule akisubiri watoto watoke. Mtangazaji akacheka, na nusu ya jiji la Buffalo ikacheka naye. Huku kwetu mwezi wa tatu kuna shughuli mbili tu: kuzoa theluji kwa koleo, na kubishana timu ichague nani.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mpokeaji ni yule anayekimbia pembeni na kudaka pasi ndefu. Kila mwisho wa mwezi wa nne timu zote hukaa siku tatu zikichagua vijana wa vyuoni, moja moja, kwa zamu, na jiji zima hukaa mbele ya televisheni kama linasubiri matokeo ya mtihani wa mtoto. Mwaka huo timu yetu ilihitaji mpokeaji kama nyumba inavyohitaji mlango. Waliokuwepo walidaka mafua tu.

Aliyemsikia Lorraine redioni ni Artie Ferrante, kinyozi, akiwa na wembe shingoni mwa mteja. Mteja alipona. Jioni hiyo habari ilikuwa imeshafika kwenye meza.

Meza yenyewe ipo baa ya Jolene, Cheektowaga, pembeni ya jiji, chini ya televisheni kubwa, na ina viti vinne tu. Hakuna aliyewahi kuongeza cha tano. Cha kwanza ni cha Vern Malecki, fundi bomba mstaafu, ambaye huongoza mabishano kwa sababu ndiye mwenye sauti. Cha pili ni cha Clarence Boatwright, tarishi wa posta, mtu wa maneno machache kwa kuwa mbwa wa mitaa mitatu wameshamchosha. Cha tatu cha Artie. Cha nne kilikuwa cha Norbert Dudek, mume wa Lorraine, aliyefariki mwezi wa kumi na moja, na tangu hapo kilikaa wazi.

Norbert aliheshimiwa pale kama daktari bingwa. Miaka ishirini na minne aliingia kila mwezi wa nne na jina moja la mpokeaji, jina ambalo wenzake hawajalisikia, na mara nyingi jina lile baada ya miaka miwili lilikuwa mgongoni mwa fulana za watoto. "Jicho la Norbert," walisema, na walilisema mpaka kaburini.

Ukweli ni kwamba jicho lilikuwa la Lorraine. Norbert, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema na hodari wa kukumbuka alichoambiwa, lakini peke yake asingeweza kumtofautisha mpokeaji mzuri na mtu anayewahi choo. Majina yote yalitoka jikoni, Lorraine akimenya viazi. Norbert alikwenda nayo baa kama mtu anayepeleka chakula cha mkewe mnadani. Lorraine hakuona ubaya. Alimshusha mlangoni kwa Jolene, alimfuata baadaye, na njiani alisimuliwa walivyobisha. Sasa hakukuwa na wa kumshusha wala wa kumsimulia, na jina la mwaka huo lilikuwa limemkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Alikitaka kile kiti. Si kwa ukumbusho wa marehemu. Ukumbusho alikuwa nao nyumbani, kabati zima. Alitaka kubisha mwenyewe. Tena akasikia kwamba wale wazee wanapanga kumpa Greg, mpwa wa Norbert, muuza magari, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kimahesabu".

Basi mwisho wa mwezi wa nne, Jumatano, siku moja kabla ya uteuzi kuanza, alirudisha basi kituoni, akaenda kwa Jolene na koti lake la kazi.

"Shemeji," Vern akamwambia, "umetuaibisha redioni au umetupandisha, bado hatujaamua."

"Amueni nikiwa nimekaa." Akavuta kiti cha Norbert, akakaa.

"Kiti hicho kina mwenyewe," Artie akasema.

"Mwenyewe nimemzika mimi. Sikukuona ukishika jeneza."

"Nilikuwa naumwa mgongo."

"Mgongo wako huwa unauma kukiwa na kazi tu, shemeji."

Clarence akacheka kwa pua. Vern akagonga meza. Akasema sawa, Lorraine akae hapo kama mgeni mpaka Jumamosi. Uteuzi wa mpokeaji ukiisha watapiga kura, yeye au Greg. Na kila mtu ataje kijana wake sasa hivi, mbele ya watu, asije akadai baadaye kwamba alijua.

Artie alikuwa na Kellerman, wa chuo kikubwa cha kusini, anayekata yadi arobaini kwa sekunde nne na nukta tatu. Clarence akamtaja kijana mwenye urefu wa mlingoti. "Tupa juu, yeye yuko juu. Sina maelezo zaidi." Vern akaunga mkono mlingoti.

"Isaiah Tullock," Lorraine akasema.

Wakatazamana.

"Wa chuo gani?"

"Kidogo. Kiko Minnesota."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nyuma ya goli kuna uzio, na nyuma ya uzio kuna ng'ombe."

Artie akatafuta kwenye simu yake, akapata, akafurahi. "Sekunde nne na nukta sita. Shemeji, hizo hata mama mkwe wangu anazipata, na ana nyonga ya chuma."

"Mimi sikuuliza anakimbiaje. Kukimbia kila mtoto anajua."

Akawaeleza. Miaka ishirini na tisa amewatazama watoto wakilikimbilia basi. Asubuhi ya mwezi wa kwanza, barabara ni barafu tupu, mtoto kachelewa, begi mgongoni, anakuja mbio. Kazi si kufika. Kazi ni kusimama mlangoni. Wengi hupitiliza wakaenda kushika taa ya nyuma. Mmoja kati ya mia huja kwa kasi ileile, akashusha nyonga, hatua mbili, kasimama, mguu uko kwenye ngazi. Mtoto wa namna hiyo humfundishi, unampata. Akachukua chupa ya chumvi na chupa ya pilipili, akazisogeza mezani.

"Huyu beki anamfukuza Kellerman. Kellerman akitaka kusimama adake, anapiga hatua tano, sita. Beki ameshafika, anamsalimia na watoto nyumbani. Sasa Tullock. Moja, mbili, kasimama." Chumvi ikatulia. Pilipili ikaendelea mpaka ukingoni mwa meza. "Beki yuko Kanada."

"Kusimama mtu yeyote anaweza," Artie akasema.

Hilo lilikuwa kosa. Dakika tano baadaye wote walikuwa nyuma ya baa, kwenye maegesho, theluji ya mwisho ikiwa imegeuka uji, na Artie, miaka hamsini na sita, akiwa amevua koti. Lorraine akamwonyesha mstari wa njano. Artie akaja mbio, na nisimnyime haki yake, alikuja vizuri. Kwenye mstari hakuonekana. Walimkuta amelikumbatia pipa la taka la Jolene kama ndugu aliyerudi vitani.

"Hatua tisa," Clarence akasema.

"Nane. Ya mwisho niliteleza."

"Zote uliteleza."

"Kwa umri wako," Lorraine akamwambia, "mimi ningekusubiri na mlango wazi."

Walipokuwa wanarudi ndani, Clarence akabaki nyuma naye kidogo. Akauliza polepole, kama mtu anayeuliza kuhusu barua iliyopotea. "Shemeji, niambie kweli. Norbert aliwahi kumwona huyu kijana?"

Lorraine akasimama na kitasa mkononi. Angesema ndiyo, Norbert alimtaja kabla hajafa, na kiti kingekuwa chake hapohapo, bila kura, pengine na machozi ya Vern juu. Angeweza pia kusema yote: kwamba hakuna jicho la Norbert, halijawahi kuwepo, lilikuwa la mkewe jana na juzi na miaka yote. Nayo ingempa kiti. Lakini hiyo ya pili ingekuwa kumfukua mume wake na kumvua koti mbele ya rafiki zake, na hiyo ya kwanza ingemrudisha yeye jikoni, kumenya viazi.

"Hapana," akasema. "Norbert hakumwona. Huyu ni wangu."

Clarence akaitikia kwa kichwa. "Basi uombe awe mzuri."

Alhamisi timu yetu ikachagua mlinzi. Ijumaa, watu wakiwa na sahani za samaki wa kukaanga, ikachagua jitu la Iowa la kumkinga mrushaji wa pasi. Kellerman alishakwenda kwa watu wa Texas, na Artie akaacha samaki wake nusu. Mlingoti ukachukuliwa na watu wa Chicago. Meza ikabaki na jina moja tu, na lilikuwa la mgeni.

Jumamosi saa sita mchana wakaanza raundi ya nne. Lorraine alikuwa amekaa tangu saa tano, mikono chini ya mapaja. Majina yakapita. Ikafika zamu yetu na Tullock alikuwa bado yupo. Hata Artie akaacha kutafuna.

Halafu mtangazaji akasema timu yetu imeuza zamu yake. Imeshuka nafasi saba, na kwa kushuka itapata zamu ya ziada mwaka ujao.

Artie akapiga makofi. "Hiyo ndiyo akili. Mbili kwa moja. Kijana wa ng'ombe nani atamchukua? Anasubiri tu."

"Artie," Lorraine akasema, "nyamaza."

Alikuwa anahesabu kwa vidole. Timu saba katikati. Wa kwanza hana haja, wa pili hana haja. Wa tano ni Boston.

Nani asiyewajua watu wa Boston? Wametupiga miaka ishirini kama ngoma ya harusi, na walichotupiga nacho mara nyingi kilikuwa kitu tulichokuwa nacho mkononi tukakiweka chini. Ikaja ya kwanza, ikapita. Ya pili, ya tatu, ya nne. Vern alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ya tano, wakasoma jina, na lilikuwa Isaiah Tullock.

Televisheni ikaonyesha picha zake. Uwanja mweupe kwa theluji. Kijana mwembamba anakuja mbio, beki nyuma yake anapumua kisogoni. Moja, mbili, kasimama, kadaka. Beki akapita kwa tumbo mpaka nje ya picha. Mtangazaji akasema watu wa Boston walisafiri mara tatu kwenda Minnesota kumtazama.

Baa nzima ilikuwa inamtazama Artie, na Artie alikuwa anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Zamu yetu ilipofika, tukachukua mpiga teke, yule anayeingia uwanjani kupiga mpira kwa mguu kisha anarudi kukaa.

"Mpiga teke," Vern akasema, taratibu, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Lorraine akainuka, akatafuta mkono wa koti. Kifua kilimuuma, lakini si kwa namna aliyoizoea miezi hiyo mitano. Huku kulikuwa kuumia na watu. Alijua hesabu: walitaja majina, timu haikuchukua hata moja, basi Greg atakaa. Alikuwa amejaribu.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Vern akamuuliza.

"Nyumbani. Nina nguo za kufua."

"Kura bado."

"Kura ya nini? Sikupatia."

"Ulipatia. Ni timu yetu ndiyo haikupatia. Tofauti hiyo tunaijua hapa tangu tuzaliwe." Akamgeukia Clarence.

"Mimi nampa shemeji," Clarence akasema. "Nilimuuliza swali Jumatano, akanijibu jibu lisilomsaidia. Nilipenda."

Hakufafanua, na Lorraine akaangalia pembeni.

Vern akatoa simu mfukoni. "Greg kaniandikia sasa hivi. Anasema kushuka nafasi saba, kimahesabu, ilikuwa sahihi." Akairudisha simu mfukoni. "Mimi pia nampa shemeji. Sitaki aende akakae baa nyingine akinicheka. Artie?"

Artie akakohoa. "Nilipiga makofi."

"Tulikuona."

"Apewe. Lakini jina la yule mtoto lisitajwe mbele yangu mpaka Oktoba."

"Oktoba anakuja hapa kucheza," Lorraine akasema. "Utamwona mwenyewe."

"Na tutamzomea," Vern akasema. "Na wewe utamzomea, shemeji. Huwezi kukaa hapa usimzomee mtu wa Boston."

"Nitamzomea kwa sauti ndogo."

"Kwa sauti ya meza."

Lorraine akafikiri, akavua koti tena, akalitundika nyuma ya kiti. Akakaa, safari hii akaegemea. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mwakani zamu zetu zitakuwa nyingi, na kuna kijana mwingine, Dakota Kusini, amebakiza mwaka mmoja chuoni. Amemwona mara mbili tu lakini nyonga zake zinashuka vizuri.

"Anaitwa nani?" Artie akauliza haraka kuliko alivyotaka.

"Nunua bia kwanza."

"Hapana, hapana," Vern akasema. "Anayenunua ni mgeni wa kiti, chakula cha meza nzima. Norbert alinunua, mimi nilinunua, Clarence alinunua na akalalamika mwaka mzima. Jolene, mwambie bei."

Jolene hakuinua kichwa kutoka kwenye glasi alizokuwa anafuta. Mabawa ya kuku hamsini, yenye pilipili, pamoja na jibini ya bluu: dola sabini na nne.