Mkalimani wa Mikondo Mitatu

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipoutaja mimi utatajwa na wengine, na wao hawajui kusimulia. Nilipokuwa gredi ya tisa, katika mkutano wa wazazi, nilikubali kuwa mkalimani wa mwalimu, kisha nikawaeleza mama zetu mabadiliko ya elimu ya nchi nzima kwa mzaha. Wote walicheka. Mmoja tu hakucheka, na huyo ndiye aliyeniamini.

Mkutano ulifanyika darasani kwetu, Bongwe, wazazi wamebanwa kwenye madawati yetu, magoti yanagusa mbao. Naibu mwalimu mkuu alisimama mbele na waraka wa wizara mkononi. Yeye ni mtu wa bara, mpole, na Kiswahili chake kimejaa Kiingereza kama mchele usiochambuliwa mawe. Alisema kidato cha kwanza hakipo tena. Sasa tunakwenda sekondari pevu, yaani gredi ya kumi, na kabla ya kwenda, kila mtoto achague mkondo mmoja wa masomo kati ya mitatu. Mzazi atie sahihi. Majina yakishatumwa Nairobi, kompyuta ndiyo itakayompangia mtoto shule.

Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto mchanga aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Hayo maneno yako yanatupita juu ya kichwa. Hapana mtoto hapa wa kutueleza Kidigo?"

Wenzangu waliokuwa wamening'inia madirishani walinisukuma ndani kabla sijajibu. "Huyu hapa, mwalimu! Mdomo wake haujui kupumzika!"

Mwalimu aliniangalia kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko nje. "Wewe. Usilete mchezo."

"Niutoe wapi, mwalimu? Mimi natafsiri tu."

Mkondo wa kwanza ulikuwa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Nikasema kwa Kidigo: hawa watatengeneza ndege, na ndege zikikosekana watatengeneza pikipiki pale Ukunda, lakini watavaa koti jeupe na mtawaita daktari. Kina mama wakacheka. Wa pili, sayansi ya jamii: hawa watakuwa machifu na wabunge, kazi yao kuchelewa mikutanoni na kula kabla ya wenyeji. Wakacheka zaidi, mtoto mchanga akaamka. Wa tatu ulikuwa wa sanaa na michezo. Mwalimu aliueleza vizuri, tena kwa bidii: muziki, maigizo, uchoraji, mpira, riadha, na mtu anaweza kuusomea hadi chuo kikuu.

Nami nikasema: "Na hawa wa tatu, kina mama, ni wale wa kucheza ngoma hotelini Diani, majani kiunoni, wazungu wakiwapiga picha. Ngoma ikiisha, kwao hawaonekani tena."

Darasa lilipasuka. Mwalimu, ambaye hajui hata neno moja la Kidigo, alitabasamu na kuniinulia kidole gumba. Alidhani wazazi wameufurahia mtaala.

Sasa nieleze kwa nini mmoja hakucheka. Alikuwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Siku hiyo alikuja kwa niaba ya watoto wawili: mwanawe na mimi, kwa kuwa mama yangu alikuwa kazini, anafagia nyumba ya wageni huko Diani. Mumewe mama mkubwa alikuwa mcheza ngoma na sarakasi katika hoteli. Msimu mmoja kikundi chao kiliondoka kwenda kucheza mahali pengine, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Bongwe nzima inajua. Mimi nilijua kuliko Bongwe nzima, kwa sababu nimekula nyumbani kwao nusu ya maisha yangu. Nilijua, na nilisema. Niliona kicheko kinakuja, nikakikimbilia.

Mwanawe na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, tukakaa dawati moja tangu chekechea. Kwa mtu wa kwetu, mtoto wa mama mkubwa haitwi binamu, ni ndugu. Alikuwa golikipa. Sisemi golikipa wa kujitupatupa ili aonekane. Alikuwa anasimama tu, mpira unakuja wenyewe mikononi kama kuku anayejua banda lake. Alikuwa ameshachagua sanaa na michezo moyoni mwake, katika shule moja ya hapa hapa Pwani yenye uwanja wa nyasi za kweli. Alikuwa akiongea habari za nyasi zile kama watu wengine wanavyoongea habari za Makka.

Jioni ile alinifuata kisimani.

"Umemwambia nini mama?"

"Nilichowaambia wote."

"Amejaza sayansi. Shule zote alizoweka ni za sayansi, tena za bweni. Nikamwambia ule ulikuwa mzaha wako. Akasema mkalimani ameeleza na mwalimu alikuwa amesimama pale hakupinga. Mimi nadaka mipira. Sasa huko nitadaka nini, tindikali?"

Nilicheka. Na yeye alicheka, lakini chake kilikwisha mapema.

"Nenda ukamwambie wewe mwenyewe," akasema. "Mimi haniamini. Kabla majina hayajatumwa."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Ijumaa, nikitoka msikitini."

Ijumaa nilitoka msikitini nikaenda kula pilau ya matanga. Ijumaa ya pili nilifika hadi kwenye ua wake, nikamwona anashona makuti ya hoteli, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa muhogo, nikala, nikaondoka. Kumwambia kuwa ulikuwa mzaha kulikuwa na maana ya kumwambia kuwa nilimfanyia mzaha mume wake mbele ya wanawake wenzake. Majina yakatumwa.

Naomba msinihukumu bila kulijua kundi letu. Sisi ndio wa kwanza. Kila mlango tulioufikia tulimkuta fundi bado anapaka rangi. Gredi za chini tuliagizwa tutengeneze sanamu ya kufukuzia ndege. Mama yangu akaishona usiku na mchana, mimi nikaandikiwa kuwa nimezidi matarajio. Gredi ya saba tuliambiwa tutahamia sekondari, kisha wakubwa wakabadili nia, tukabaki shule ile ile. Tulivuka kutoka msingi hadi sekondari msingi kwa kupita korido moja, mikoba mgongoni kama wasafiri. Katika yote hayo nilikuwa na mtu wa kucheka naye. Nchi inaweza kukufanyia majaribio miaka tisa na usione uzito, ikiwa mwenzako wa dawati naye anafanyiwa.

Mipango ilipotoka, mimi nilipata sayansi ya jamii katika shule ya kutwa, karibu na Ukunda. Ndugu yangu alipata sayansi, bweni, huko juu kuelekea Kinango, nchi kavu ya ng'ombe na miiba, mbali na watu wote anaowajua. Siku ya kuondoka alibeba sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Nilikuwa nimetayarisha vichekesho vitatu vya kumuaga. Nilikitoa cha kwanza. Akaniangalia, akapanda pikipiki nyuma ya sanduku lake. Vile viwili bado ninavyo.

Watu hudhani upweke ni kukaa peke yako. Darasani kwetu tuko wengi hadi wengine wanaandikia magotini. Lakini wiki ya kwanza ya gredi ya kumi mwalimu wa historia alikaa kwenye kiti kibovu kikamkunja kama chapati, nami nikageuka kushoto, jinsi nilivyogeuka miaka yote, ili nikutane na lile jicho moja analolifumba ndugu yangu akizuia kicheko. Kushoto palikuwa na kijana mgeni, ananakili tarehe ubaoni. Nikacheka peke yangu. Mwalimu akanitoa nje, na huko nje nikasimama nikisoma mchoro wa mikondo mitatu uliobandikwa ukutani, mishale ikitoka kwa mtoto mmoja kwenda njia tatu. Aliyeuchora alikuwa na rula nzuri.

Tangu hapo nikawa natembea kwa miguu kutoka Ukunda hadi Bongwe ili nichelewe kufika. Nyumbani, mama anarudi kazini amechoka hata kuniuliza. Simu shuleni kwa ndugu yangu haziruhusiwi. Nilimwandikia barua mbili, moja ya utani na moja ya kawaida. Hakujibu. Kupitia kijana wa jirani aliyekwenda kumtembelea kaka yake kule nilisikia tu kwamba mwalimu wa fizikia hajafika, maabara ni chumba chenye kufuli, na ndugu yangu hachezi mpira. Hataki. Wanamwita, anasema mikono inamuuma.

Ndipo ikatangazwa kuwa mzazi asiyeridhika ana siku chache za kuomba mtoto abadilishiwe shule au mkondo. Ombi lipitie kwa mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa mtoto, mzazi awepo mwenyewe. Mwalimu aliyetusomea tangazo hilo alisema siku ya mwisho ni Alhamisi. Ilikuwa Jumanne.

Nilikwenda mchana ule ule na sare mwilini. Mama mkubwa alikuwa chini ya banda lake, amezungukwa na majani makavu ya mnazi, anakunja jani juu ya fito, anashona, anakunja jingine. Ua ulikuwa kimya. Zamani ua ule ulikuwa na mpira unaogonga ukuta, puu, puu, na yeye akipiga kelele, "Mtaniangushia nyumba nyinyi!" Ukuta bado una alama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Leo shule imekutapika mapema."

"Mama mkubwa, ile siku ya mkutano nilikuwa natania."

Jani, fito, sindano. "Siku gani?"

"Ile ya mikondo. Wa tatu si wa kucheza hotelini. Mwalimu alisema mpira, na chuo kikuu. Mimi ndiye niliyeongeza majani kiunoni. Na kwamba hawaonekani tena."

Mikono haikusimama, na hilo ndilo lililoniumiza. Ingesimama ningejua pa kuangalia.

"Ulikuwa unamsema baba yake?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na hapana tatu tayari mdomoni, zote za kuchekesha. "Ndiyo."

"Na wale walicheka kwa sababu walijua."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Alimaliza kuti lile, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja. "Mwenzako aliniomba siku tatu," akasema. "Alipiga magoti pale, mwanangu. Nikamwambia, na wewe unataka kwenda kuchezea watu?" Kisha akasimama, akajikung'uta, akaingia ndani. Alitoka amevaa buibui la kutokea, ana kitambulisho mkononi. "Twende. Utanieleza njiani nikaseme nini. Safari hii ueleze sawasawa."

Tulipanda tuktuk hadi Ukunda, kisha gari la kuelekea Kinango, na giza likatukuta kabla hatujafika shuleni, tukalala kwa jamaa zake, tukafika Jumatano asubuhi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama mkubwa akiwa mdogo. Katika ofisi ile ya mwalimu mkuu alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, akasema maneno yote niliyomfundisha, kwa utaratibu, hata yale magumu. Ndugu yangu aliletwa. Alikuwa amekonda. Alimsalimu mama yake, kisha akanipa mkono kama mtu anavyompa mgeni. Ombi likaandikwa. Tulipoondoka alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa, mikono mfukoni.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu baada ya wiki mbili. Mama mkubwa aliniletea simu nimsomee. Ile shule ya Pwani imejaa, ombi halikukubaliwa, mwanafunzi aendelee alipo. Nilimsomea neno kwa neno, kisha akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema ahsante. Akarudi kwake.

Mama yangu alikuwa jikoni. Yote hayo alikuwa ameyasikia kwa dada yake, si kwangu, na kwa wiki mbili hakunigusia. Nilisimama mlangoni nikingoja kipigo, au ile hotuba yake ya kuniuliza nimemrithi nani. Nilikuwa hata nimetayarisha jibu la kumchekesha. Alipakua wali na samaki kwenye sahani ya bati, akafunika kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kanga, akanikabidhi.

"Dada yangu hajala tangu asubuhi. Mpelekee. Ukifika, usimchekeshe. Kaa naye tu."