Inchi Nne Nyeusi

Kanda moja ya video iligharimu shilingi elfu moja mia nane na ishirini. Nimehesabu mara mbili: elfu moja mia mbili ya kanda, mia mbili ya kuibadilisha, mia na ishirini ya nauli za Thika na Ruiru, mia tatu yangu ya usumbufu. Zote zilitoka mfukoni mwa mzee. Kosa lilikuwa langu, na hilo sikulitoza.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nakodisha kanda mtaa wa Landless, Thika. Mzee mwenyewe alikuwa fundi mstaafu wa kiwandani, anaishi Ruiru. Alikuwa amesikia kwamba sinema za zamani zimeanza kutolewa upya, zimesafishwa, kwa watu wanaoziweka kabatini kama sahani za wageni. Yeye alitaka moja tu. Wazungu waliipiga pale maporomoko ya Chania kabla ya uhuru, wakachukua wachuma kahawa wajaze umati. Mmoja wao alikuja kuwa mke wake.

"Tulienda kuiona Nairobi," aliniambia. "Akapiga kelele ukumbi mzima: 'Ndio mimi yule, wa mwisho kabisa, mwenye kikapu!' Nikamwambia kaa chini wewe, watu wamelipa."

Alikuwa amemzika mwaka uliotangulia. Picha ya ujana wake hakuwa nayo hata moja.

Nikaipata kwenye duka moja Thika mjini.

"Hii ni toleo jipya, boss," mwenye duka akasema. "Ni ya watu wanaojua vitu."

"Na wasiojua wanalipa ngapi?"

"Hao wanalipa zaidi."

Nikamshusha kutoka elfu moja mia tano.

Mimi sipeleki kitu bila kukijaribu. Nikaiweka kwenye deki, na hapo nikaona mstari mpana mweusi juu, mwingine chini, sinema imebanwa katikati. Nikatoa rula. Kati ya inchi nane na nusu za kimo cha kioo cha TV, karibu nne zilikuwa giza. Nikapima tena. Nikarudi dukani nikiwa moto.

"Nimelipia kioo kizima, umenipa kipande!"

"Boss, hivyo ndivyo ilivyopigwa."

"Kwa hivyo ukiuziwa kilo ya nyama, nusu mfupa, utaambiwa hivyo ndivyo ng'ombe alivyozaliwa?"

Wateja wakacheka. Mwenye duka akachoka na mimi, akatoa toleo lingine la sinema ile ile, lililojaza kioo chote. Ongeza mia mbili. Nikaongeza, nikatoka nikijiona mjanja.

Ruiru nilimkuta mzee amevaa koti la kanisani. Nikaweka kanda; umati wa Chania ulipotokea akasogeza kiti.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara nne. Wa mwisho alikuwa mwanamume mwenye kofia, basi.

"Pengine walimkata, mzee."

"Hapana. Pengine hakuwepo. Tumekuwa tukicheka kitu ambacho hakikuwepo, miaka yote hiyo." Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. Kisha akanimiminia chai ya pili na kunishukuru.

Wiki iliyofuata nilipita lile duka, nikakuta ile kanda ya kwanza inachezeshwa. Umati ukaja. Yule wa kofia akatokea, lakini kioo hakikuishia kwake. Baada yake kulikuwa na wanawake wawili, na wa mwisho alibeba kikapu, anacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile mistari myeusi haikuwa imekula chochote. Ili kujaza kioo juu na chini, waliotengeneza toleo la pili walikuwa wamekuza picha na kuikata pembeni. Nililipa mia mbili za mzee ili mke wake atolewe.

Mfukoni sikuwa na kitu. Niliporudi kesho yake na pesa, mgeni mmoja wa ile hoteli ya maporomokoni alikuwa ameinunua na kwenda nayo kwao. Nimeitafuta hadi Nairobi. Hakuna.

Mzee bado yuko, na bado ananisalimia kwa heshima. Nikimwambia bila kanda, ataona namfariji tu, kama watu wa matanga. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba mkewe hakuwepo. Ninyi mnaosoma hii, ambao hampimi mambo kwa rula, nishaurini: niende Ruiru mikono mitupu?