Sanduku Nililokataa Kuliinua

Nianze na shati, maana ndilo lililoniponza. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, la pekee nililokuwa nalo lisilo na kiraka. Siku niliyopelekwa mjini Kisii kuchagua sanduku la kusawazishia barabara nililivaa kama mtu anayekwenda kubatizwa.

Sanduku lenyewe si la mbao. Ni la chuma, halina kifuniko wala sakafu, upande wa mbele uko wazi, na hufungwa nyuma ya trekta. Mbele lina meno ya kuchimbua, nyuma lina bamba la kukwangua. Likivutwa, udongo wa matuta hujaa ndani yake na kumwagika kwenye mashimo. Kituo chetu cha kuuzia majani ya chai, kilimani juu ya Kebirigo, kilikuwa kinalihitaji sana. Mvua ilikuwa imeitafuna barabara mpaka dereva wa lori la kiwanda akaapa hatapanda tena. Basi mama yangu na wanawake wenzake wakawa wanabeba vikapu kushuka bondeni, kuvuka mto na kupanda kilima cha pili hadi kituo cha jirani. Huko majani yalifika yamepata joto na kuwa mekundu, na karani akayakataa. Mama aliyamwaga chini ya migomba bila kusema neno. Kwa mama yangu, kimya ni dalili mbaya kuliko homa.

Dereva alikubali kuja mara moja tu zaidi, Jumatatu asubuhi, aione barabara. Asiporidhika, kituo kifungwe.

Trekta tulikuwa nalo, dogo, kuukuu, ambalo kamati ya kituo ilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Dereva wake nilikuwa mimi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, nina miaka ishirini na moja, na ufundi wangu wote nilikuwa nimeusoma katika kitabu cha maelekezo ambacho mwenye duka mmoja alikuwa akichana kurasa zake kufungia chumvi. Niliokoa nusu ya kwanza. Nusu hiyo niliijua kuliko Zaburi, na kila siku niliomba nisiulizwe kitu kilichokuwa katika nusu ya pili.

Muuzaji alikuwa na masanduku mawili. Moja lilikuwa jembamba, limeliwa na kutu, limepinda pembe moja. La pili lilikuwa pana, limepakwa rangi nyekundu, limenyooka kama mstari wa rula. Nilitoa utepe niliouazima kwa fundi cherehani nikaanza kupima: upana, kina, urefu wa meno, nafasi kati ya matundu ya pini. Kitabu kilisema sanduku lipite kidogo nje ya magurudumu ya nyuma, la sivyo trekta litaikanyaga kazi yake lenyewe. Jembamba lilipita inchi mbili kila upande. Jekundu lilipita nusu futi. Nikapima upya, labda inchi zimebadilika.

Muuzaji, mtu wa upande wa ziwa, alikuwa amemaliza kikombe kizima cha chai akinitazama.

"Omera," akasema, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, "unalipima au unalishonea suruali?"

Baba yangu mdogo, mwenyekiti wa kamati aliyenipeleka huko, alicheka mpaka akashika mti.

"Njoo uinue," muuzaji akaniambia. "Shika kona hii, uinue. Halafu shika ya lile lingine."

Nikaitazama kona. Ilikuwa na grisi. Nikalitazama shati.

"Nimeshapima," nikasema.

"Hujapima uzito."

"Kitabu hakitaji uzito." Hapo sikudanganya. Nusu yangu haikutaja.

"Basi kiite kitabu kije kiinue."

"Tupe hilo jekundu," baba mdogo akaamua. "Wale wa kituo cha ng'ambo ya mto wakituona na hicho kikaango watatucheka mpaka Krismasi."

Ningeweza kumwomba dakika tano. Lakini naungama: hata mimi nililitaka jekundu. Mimi ni mtu ambaye hawezi kulala kalenda ikining'inia upande ukutani. Kutu ile ilinitia kichefuchefu, na rangi ile nyekundu ilinituliza. Nikaandika vipimo vyote kwenye daftari, kwa rula, nikapigia mstari.

Ijumaa mchana kijiji kizima kilikuja kutazama. Nilishusha sanduku, nikatia gia, nikavuta. Sanduku likateleza juu ya ule udongo mgumu kama sinia, likilia kama kengele kila lilipogonga jiwe. Meno hayakuingia hata kidogo. Nilishuka nikayarekebisha, nikavuta tena. Na tena.

"Anaipiga barabara pasi!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Mwache, kesho ni Sabato, barabara nayo inataka kupendeza!"

Jua likatua, Sabato ikaingia, na trekta likazimwa. Siku iliyofuata nilikaa kanisani nimevaa shati lile lile. Mchungaji alihubiri juu ya kiburi kwa saa nzima, na mwenyekiti wa kamati akageuka mara tatu kunitazama, kana kwamba rangi nyekundu niliichagua peke yangu.

Jumapili alfajiri mama alinikuta nimekaa kando ya trekta na daftari. Bila kutua kikapu mgongoni, aliinama, akashika kona ya sanduku kwa mkono mmoja, akainua.

"Tata," aliniita, kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "hiki ndicho ulichotuletea? Kuni zangu ni nzito kuliko hiki."

"Sikukiinua, Mama. Niliogopa kuchafua shati."

Alilitazama shati. "Kiongeze mawe," akasema, akaenda zake.

Tangu mashine ya kusaga ije sokoni, mawe mengi ya kusagia wimbi, bapa na mazito, yalikuwa yamelala nyuma ya majiko, kuku wakiyanyea. Lakini jiwe la kusagia ni la mwanamke. Mwanamume akionekana amelibeba, atatungiwa wimbo kabla hajafika kwake. Wanakamati wote waligundua ghafla kwamba migongo inawauma. Nikalivaa tena shati jeupe, nikidhani kulichafua ni toba, nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba. Wanawake walinitwika wakicheka, na wimbo ukatungwa, nao haukuwa mbaya.

Nilifunga mawe sita kwa waya juu ya fito nilizolaza kingoni mwa sanduku, katikati likiwa la mama, ambaye bado alisaga kwa mkono kwa kuwa unga wa mashine, alidai, humuumiza tumbo. Nilipovuta, meno yakazama, udongo ukajaa, mashimo yakaanza kumeza. Nilikwenda na kurudi hadi jioni.

Jumatatu lori lilipanda taratibu, likafika. Dereva akashuka, akayagonga mawe kwa kiatu.

"Hili ni trekta au jiko?"

Hakungoja jibu. Mzani ukatundikwa, na kikapu cha mama kikapita, majani yakiwa mabichi bado.

Lori lilipoanza kushuka mama alinijia. "Na jiwe langu?"

"Likitoka, Mama, sanduku litaelea tena."

Alikirudisha kikapu kitupu mgongoni.

"Basi nitakula huo unga wa mashine," akasema. "Lakini tumbo likiniuma, utanibeba wewe. Na utaniinua kwanza, ujue uzito."