Sajini Anayeuliza Habari Kwanza

Haya hamtayaamini, hata nikiapa, na mimi abti yenu, mjomba wa mtaa mzima, huapa vizuri. Sajini wa kizuizi cha mtaa wetu hapa Garissa, mtu wa bara mwenye viganja kama sinia, haanzi na kitambulisho. Anasukuma bunduki mgongoni, anachuchumaa kivulini, anasema, "Warran," yaani nipe habari, kama mchungaji wa Ijara. Kisha anangoja umalize yote: mvua, malisho, nani anaumwa. Kisomali chake kinachechemea kidogo tu, kwa sababu mwalimu ni mimi. Mwanzoni tulizunguka mbali tusimwone. Siku hizi akina mama humletea maziwa ya ngamia, naye huyapokea kwa mikono miwili na kuyanywa polepole, macho amefumba.

Bomu lilipolipuka barabarani, askari wengine walijaza vijana kwenye lori, na Abdihafid, mtoto wa jirani yangu Naimo, akiwemo. Naimo alining'inia kwenye ubavu wa lori akilia. Sajini akamwambia mkubwa wao, bila kupaza sauti, "Afande, mlipuko ulipolia huyu alikuwa hapa kwangu. Alikuwa ananieleza ngamia wa mama yake anavyokohoa." Abdihafid akashushwa. Lakini nani alimlainisha yule mkubwa? Juzi nilikuwa nawaeleza majirani pale kizuizini, sajini akinywa maziwa yake kando: niliruka juu ya lori, nikamkamata kola, nikamwambia, wewe afande, ukithubutu ku—

"Abti," sajini akasema, akipangusa povu la maziwa mdomoni, "ulikuwa nyuma ya Naimo, umeshikilia buibui lake."